Hata Mukono Yangu Iko na Kambi?

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kama si swali lako la jana nisingekusimulia. Ulirudi kutoka biro umenuna, ukaniuliza mimi bibi yako, "Koko, pale kazini nianze kusalimia nani?" Nilicheka. Halafu kicheko kikaniisha, maana swali hilo hilo lilinizungusha kichwa nilipokuwa msichana, nimepata tu kazi kwenye biro ya kilimo huku kwetu Masisi.

Unajua desturi yetu: ukifika kazini unapita kila mlango kupeana mikono. Basi shefu, mkuu wetu, alikaa mlango wa kushoto, msaidizi wake mlango wa kulia, na wawili hao hawakusemezana. Kwa nini? Wee, usiniulize! Siku ya kwanza nilianza na mlango wa kulia kwa sababu ulikuwa wazi. Kabla ya saa sita nikasikia eti mimi ni mtu wa msaidizi. Kesho yake nikaanza kushoto, wa kulia wakaninunia. Jamani, mkono huu una shida gani? Mwisho nikawa nasimama nje mpaka wote wawili watokee uani, asubuhi inaisha hivyo, kazi imelala mezani.

Kazi yenyewe ilikuwa kugawia wakulima wa Ngungu mbegu ya maharagi. Shefu akaniambia gawa. Ufunguo wa depo, ile ghala ya mbegu, ulikuwa kwa msaidizi, naye akasema, "Shefu akuje aniombe yeye mwenyewe." Shefu akasema yeye hamuombi mtu aliye chini yake. Nami katikati, nakwenda na kurudi kwenye korido, sielewi nimtii nani. Mvua ya kupanda ikaanza.

Ndipo akafika Mama Furaha, mwanamke mzee wa Ngungu, matope mpaka magotini. Shamba lake lilikuwa limekwisha kulimwa, lakini mbegu hakuwa nayo. Wajukuu walikuwa wamekula hata ile ya akiba. Akaninyooshea mkono. Nami, mwanangu, nikageuka kwanza kuangalia ile milango miwili, nani ananiona.

"Ee binti," akasema, "hata mukono yangu iko na kambi?"

Akaingia kwa shefu, akamsalimia vizuri, na mkono hakuuachia. Nani atamnyang'anya mama mzee mkono wake? Akamvuta polepole mpaka kwa msaidizi, akamshika na yeye kwa mkono wa pili. "Bapapa, baba zangu, mimi sijue nani njo mukubwa hapa. Nauliza tu maharagi iko wapi."

Msaidizi akautafuta ufunguo mfukoni kwa mkono wa kushoto.

Depo ilikuwa inavuja. Maharagi ya magunia ya juu yalikuwa yameota, machipukizi meupe yanatokea kwenye matundu ya gunia. Mama Furaha hakutukana mtu. Alipiga magoti, akachambua yaliyo mazima kutoka gunia la chini, akayafunga kwenye kitenge, akaenda analia. Alipanda akiwa amechelewa, akavuna kidogo sana, na wajukuu zake walikula muhogo mtupu msimu ule wote.

Walichogombania wale wawili sikijui mpaka leo. Miaka mingi baadaye nilimuuliza msaidizi. Akafikiri, akasema, "Ilikuwa mambo ya kiti, ao ya pikipiki? Nimesahau." Moyo uliniuma kusikia hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, mimi siwezi kukuambia nani ana haki pale kazini kwako. Pengine hata wao wenyewe hawajui. Salimia yule unayekutana naye kwanza, wakinuna wanune. Usibebe maneno ya mlango huu kuyapeleka mlango ule. Ukichanganyikiwa, uliza nani anasubiri nje, kisha uanze na yeye. Mungu abariki mikono yako, na mama yeyote akikunyooshea mkono wake, Yeye akujalie uupokee kabla hujageuka kuangalia milango.