Romarini Iliyofunguliwa Nyuzi

Bertin hutengeneza pikipiki pale mjini Baraka, kando ya ziwa, na kila anachokitengeneza huondoka na mwenyewe. Labda ndiyo sababu alitaka kitu kimoja tu kibaki kwake, kikae vile alivyotaka yeye. Kwa miaka mitatu alilea romarini, ule mmea unaonukia ambao watu huuchemsha kwa kikohozi, akiuzuia usikue, uwe mti mzee usiozidi urefu wa mkono. Aliona mti wa namna hiyo kwenye simu akasema, huu nami nitauweza.

Usidhani ni mchezo. Alitoboa sahani ya udongo maji yasituame, akatia mchanga mwingi, mbolea akaunyima makusudi. Tawi moja lilimtoa jasho: lilitaka kwenda juu, naye alitaka liiname kama limepigwa na upepo wa ziwa. Akalizungushia nyuzi za kebo ya breki, akalikunja polepole. Mwaka huu ndipo lilipoanza kukubali.

Kisha mkewe, Ketsia, akajifungua, na mama yake Ketsia, Anastasie, akaja kutoka Lweba kumwogesha mtoto. Anastasie ni mkulima hasa, hawezi kuona jani linanyauka akapita. Na kwa akina Bertin, mwanamume hambishii mama mkwe, wala hamtazami usoni.

Jioni moja Bertin alirudi akakuta kuku wanadonoa mahindi kwenye sahani yake. Ketsia akamwonyesha uani kwa kuchomoza midomo tu. Romarini ilisimama katikati ya sombe, ile mihogo ya kuchuma majani ya mboga, imezikwa kwenye mavi ya mbuzi, chini matope. Nyuzi zote zimeondolewa.

"Mukwe, nani alifunga huyu maskini na machuma?" Anastasie aliuliza, uso umejaa furaha. "Iko na njaa miaka yote! Mi nilimufungua, nikamupa mbolea, nikamupa maji mingi. Hata sahani yenyewe iko na matundu!"

Damu ilimchemka Bertin. Miaka mitatu! Alitazama vidole vya miguu ya mama mkwe, vimejaa tope la mti wake.

"Aksanti sana, mama," alisema.

Ndani alimfokea mkewe kwa sauti ya chini. "Mwambie asiimwagilie! Itaoza!"

"Mwambie we."

"Mi siwezi, unajua."

"Hata mi. Ananiogeshea mutoto, nimufokee juu ya majani ya chai?"

Basi ikawa asubuhi na jioni, mtoto akiisha kuogeshwa, maji yanayobaki yanaenda kwenye romarini. Bertin alitamani kuing'oa airudishe kwenye sahani, lakini mama mkwe alishinda uani na mjukuu mapajani. Majani yalianza kuwa meusi kutoka chini. Yeye aligonga nyundo kazini kwa hasira mpaka wateja wakaogopea pikipiki zao.

Siku moja Anastasie alimwita. Alikuwa ameing'oa mwenyewe, mizizi imeoza inanuka, na kwa kweli machozi yalimlengalenga.

"Nilifanya yote, mukwe. Lakini ile njaa ulimupa ilikuwa imemuingia ndani sana. Usitese tena mti hivi."

"Ndiyo, mama."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa nyuzi za breki. Bado zilikuwa na mpindo wa lile tawi.

"Hizi nilikuchungia. Zitakusaidia kwa kazi."

Bertin aliinamisha kichwa, akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru tena.