Mwandiko Mzuri wa Mzee Kumbukumbu

Kama uliwahi kuibiwa chochote katika mtaa ule, iwe simu, kuku, baiskeli au hata mume, lazima ulipita mbele ya Mzee Kumbukumbu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa kumbukumbu katika kituo cha polisi. Hakuwa askari. Hakuwa na bunduki wala cheo, hata filimbi hakupewa. Alichokuwa nacho ni kitabu cha matukio, kikubwa kama mlango wa kabati, na mwandiko mzuri ajabu, herufi zote zimeinamia kulia kwa adabu. Wezi wenyewe walikuwa wakiomba kuona walivyoandikwa.

Kupata nakala ya taarifa kwake, we acha tu. "Namba ya taarifa?" Hujui. "Tarehe?" Wiki ile ya mvua. "Mvua si tarehe. Kitambulisho?" Umekisahau nyumbani. "Na wewe ni mlalamikaji, mlalamikiwa, au mbea tu?" Ukija na vyote alivyotaka, alikutazama kwa masikitiko, kama umemnyima raha yake, kisha akakwambia uandike barua ya maombi kwa mkuu wa kituo, uiache, uje Alhamisi. Na ole wako umwombe afute jambo kwa sababu mmepatana na jirani, au kuku ameonekana. "Kitabu hiki hakifutwi," alikuwa akisema, kiganja juu ya jalada. "Hata nikifa mimi, hakifutwi."

Basi akastaafu. Mwili ukarudi nyumbani, roho ikabaki kituoni. Nyumbani walikuwapo watu wawili wa kuwasumbua: mkewe, ambaye alishamzoea, na binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Ticha. Jina lenyewe lilikuwa kama kejeli, maana Ticha hakufundisha shule yoyote. Alishona mapazia kwenye chumba cha mbele. Lakini tangu akiwa mdogo alikuwa akikusanya watoto wa majirani na kuwafundisha kuhesabu, na sasa, na miaka yake thelathini na moja, ukipita pale alasiri unawakuta watano sita wamekaa juu ya mabaki ya vitambaa wanasoma silabi kwa sauti, naye huku anakata pazia huku anawasahihisha.

Hivyo ndivyo alivyomkuta mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, aliyekuja kuagiza mapazia. Akasimama mlangoni akiwasikiliza watoto mpaka akasahau mapazia yaliyomleta. "Njoo kwangu," akamwambia. "Nina darasa halina mtu. Mafunzo utayapata humo humo kazini. Niletee tu barua ya polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, maana hawa ni watoto wa watu. Nakuwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi."

Ticha alifurahi, hilo kila mtu aliliona. Ila polisi hakwenda. Wiki ya kwanza alikuwa na mapazia ya hoteli. Wiki ya pili kichwa kilimuuma. Wiki ya tatu cherehani ilikuwa mbovu, ingawa ilisikika ikinguruma kutwa. Mzee Kumbukumbu akapandwa na hasira.

"Mtoto mvivu huyu sijui kamrithi nani!" alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika chumba cha mbele. "Chuo cha uuguzi alikikataa. Kazi ya benki aliyotafutiwa na mjomba wake, akaikataa. Mchumba mzima, mwanajeshi, kijana wa heshima, akamkataa! Sasa kazi imemfuata mpaka mlangoni, bado anaikimbia?"

Ilipobaki siku moja mwezi uishe, alimsimamia binti yake kichwani. "Andika barua ya idhini, niende mwenyewe. Kile kituo ni changu. Kabla ya saa sita nimeshatoka."

"Baba, iache tu," Ticha akasema, macho kwenye kitambaa.

"Nimesema andika!"

Akaandika. Aliharibu karatasi mbili kwanza, na baba mtu alichokiona ni kwamba tarehe imewekwa upande usiofaa.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa kituoni, shati limenyooshwa pasi utadhani anaapishwa. Akainua kibao cha kaunta apite ndani kama alivyozoea.

"Wapi tena, mzee?" Aliyeuliza alikuwa koplo, msichana mwembamba aliyekaa nyuma ya kompyuta.

"Naingia kwenye kumbukumbu."

"Raia wanabaki upande ule."

"Mwanangu, unajua mimi ni nani?"

"Sijui, mzee wangu. Ndiyo maana nitahitaji kitambulisho."

Benchi zima likacheka. Alikuwepo pale muuza mkaa ambaye Mzee Kumbukumbu alimrudisha mara saba kwa nakala ya taarifa ya mkokoteni ulioibwa. Huyo alicheka mpaka akapaliwa. Mzee akaenda kukaa. Benchi lile lilikuwa na msumari uliochomoza, na kwa miaka yote alikuwa akisikia watu wakiulalamikia, akidhani wanatia chumvi. Kumbe msumari ulikuwepo kweli.

Zamu yake ilipofika, alitoa vitu kimoja kimoja kwa fahari: barua ya idhini, nakala ya kitambulisho cha binti, kitambulisho chake, fomu ya maombi iliyojazwa bila kosa. Koplo akagonga gonga kompyuta. "Haichukui muda," akasema. "Vitabu vyote vya zamani tumeviingiza humu mwaka jana. Tulikuwa na bahati, karani aliyekuwepo alikuwa na mwandiko mzuri, unasomeka kama chapa."

"Ni mimi huyo!"

"Kumbe? Hongera sana, mzee." Kisha akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Mzee, binti yako ana rekodi."

"Rekodi ya nini? Ya mbio?"

"Ya wizi."

Mzee alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Koplo akasoma taratibu. Jina la mtuhumiwa lilikuwa la Ticha, likifuatiwa na la baba yake, na la babu yake, na namba ya nyumba ile ile. Kosa: wizi wa boksi moja la chaki za rangi, mali ya shule. Mlalamikaji: baba mzazi. Aliyepokea taarifa: baba mzazi. Hali ya shauri: upelelezi unaendelea.

"Unaendelea kwa miaka ishirini na miwili sasa," koplo akasema. Hakuwa anatania. "Lakini kuna jambo halikai sawa. Humu mtuhumiwa ameandikwa miaka kumi na tisa. Leo angekuwa na arobaini na moja, na kitambulisho hiki ni cha mtu wa thelathini na moja. Labda una binti mwingine, mkubwa, wa jina hili?"

Jumamosi moja ya zamani ikamrudia mzee wa watu yote. Binti yake ana miaka tisa, kachukua chaki darasani ili akafundishie wenzake. Yeye, badala ya kumkanya kama wazazi wengine, akamshika mkono hadi kituoni, amtie hofu kidogo. Akamketisha, akafungua kitabu, akamuuliza majina yake matatu, akampakaza wino kwenye dole gumba. Alipofika kwenye umri, kalamu ikakwama. Mtoto wa miaka tisa haandikwi mtuhumiwa, na wakaguzi wakikuta jambo kama hilo wanarudisha ukurasa na wino mwekundu. Mtu mwenye akili zake angefunga kitabu, akamnunulia mtoto andazi wakarudi nyumbani. Lakini huyu alikuwa karani. Akamwongezea mtoto miaka kumi, kitabu kisichafuke! Jumatatu chaki zikarudi shule, mwalimu akacheka, na ule mstari wa kufunga shauri aliokusudia kuuandika hakuuandika. Kazi zilikuwa nyingi.

Na sasa koplo alikuwa amemfungulia mlango waziwazi. Neno moja tu: ndiyo, ninaye, mkubwa, yuko mbali. Barua ingetoka hapo hapo, naye angerudi nyumbani shujaa. Alilifungulia neno lile kinywa kabisa. Lakini alivijua vitabu. Mstari ule ungebaki mahali pake, ukimngoja Ticha kila atakapoomba kitu, mpaka aje askari mwenye macho makali zaidi.

"Sina binti mwingine," akasema, na sauti ikawa ndogo. "Alikuwa na miaka tisa. Umri huo niliuandika mimi. Ni uongo."

"Mzee, unajua unachoniambia? Kuandika uongo kwenye kitabu cha kituo ni kosa."

"Najua. Nimeandika watu wengi tu kwa kosa hilo."

Koplo akakuna shingo, akaenda kwa mkuu wa kituo, akarudi. "Mkuu anasema la binti linafungwa leo. Mtoto wa umri ule hakupaswa kuwemo. Lakini lako itabidi nilifungue."

Akalifungua. Jina, nyumba, kazi ya zamani. "Umri?" akauliza. "Na uwe wa kweli." Benchi likacheka tena. Mzee alitoa maelezo yake akiwa amesimama, na hata hapo, Mungu amsamehe, hakuweza kujizuia. "Usiandike 'zamani kidogo', mwanangu. Andika tarehe." Akaitaja tarehe yenyewe, akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Alipouliza ataitwa lini, koplo akamwambia hajui, labda apite Alhamisi. Muuza mkaa, aliyekuwa amesimama kabisa ili aone vizuri, akampa pole, na pole ile ilimuuma kuliko vicheko.

Lakini barua alikuwa nayo, na mhuri juu yake bado mbichi. Njiani akajipa moyo. Akafika nyumbani ameshalisahau la kwake, akaingia chumba cha mbele kwa kishindo. "Ticha! Kazi umepata! Isome!"

Ticha alisimamisha cherehani, akaisoma barua mara mbili. "Walikuta nini?" akauliza.

"Kwani ulikuwa unakumbuka?" baba akauliza.

"Baba, ule wino ulikaa kidoleni siku nne. Ningesahau vipi?" Hakupandisha sauti. "Fomu ya chuo cha uuguzi iliuliza kama nimewahi kutuhumiwa kwa kosa lolote. Nikaichana. Benki nao wakauliza hivyo hivyo. Yule mwanajeshi aliniambia jeshini huwa wanamchunguza mchumba kabla ya kutoa ruhusa ya ndoa, nikamwambia simtaki. Nililia mwaka mzima, na ninyi mkasema nina maringo."

"Lakini mwanangu, zilikuwa chaki! Ulikuwa mtoto! Hakuna polisi duniani ambaye ange..."

"Hukuniambia hivyo. Uliniambia wakinihitaji watakuja kunichukua. Mpaka leo gari la polisi likipunguza mwendo hapo nje, nazima cherehani nakaa kimya mpaka lipite."

Mzee Kumbukumbu akatafuta pa kukaa, akakaa chini, juu ya vitambaa, pale wanapokaa watoto. Alilia waziwazi, mtu mzima na shati lake la pasi. Mkewe alitokeza mlangoni, akamtazama, akarudi jikoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuharibia maisha. Nisamehe."

Ticha alikunja barua, akaitia kwenye mkoba, akatafuta viatu vyake chini ya meza. Ofisi ya shule ilikuwa ikifungwa saa tisa.

"Nimekusikia, baba," akasema, akatoka.