Hita ya Koki Haina Siri

Shangazi yangu ni fundi bomba, na jina lake la kazini ni Koki. Walimpa mafundi wenzake, wanaume watupu, siku alipoingia saiti kwa mara ya kwanza amebeba spana ndefu kuliko mkono wake. Walidhani wanamtania. Yeye akalichukua jina, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye sanduku la vifaa, na tangu hapo ukimtafuta kwa jina la kitambulisho utaambiwa hajulikani. Sema Koki, hata mbwa wa mtaa watakuonyesha mlango.

Ni mfupi, ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kunyanyuka kitini, na ana tabia moja iliyomkosesha utajiri: hawezi kufanya kazi mbele ya mtu bila kumpa kitu cha kushika. Ukienda kumwona akifunga bomba, unarudi kwako na mikono michafu.

"Shika hapa. Usinikodolee macho kama televisheni."

Wateja wengine hawapendi. Mmoja, mwenye nyumba ya ghorofa, alimuuliza kwa nini amlipe fundi halafu afanye kazi mwenyewe. Koki akamjibu kwamba amelipia masomo, kazi amepewa bure.

Hita yake ilizaliwa na hasira. Umeme wa mtaani kwetu unaondoka kama mgeni asiyeaga, na mkaa ulipanda bei mpaka watu wakaanza kuoga maji ya baridi na kuyasifia kwamba yanaimarisha ngozi. Koki akasema uongo huo haumwingii. Akachukua friji bovu lililotupwa nyuma ya gereji. Mgongoni mwa friji la zamani kuna wavu wa vibomba vyembamba. Aliung'oa, akausuuza ndani mpaka mafuta yakaisha, akaupaka rangi nyeusi isiyong'aa, akaulaza kwenye boksi la mbao lenye bati jeusi chini na kioo cha dirisha juu. Pembeni akajaza ile sponji ngumu ya kuta za friji lilelile. Pipa akaliweka juu zaidi ya boksi. Jua likipiga, maji ya kwenye vibomba yanapata moto na kupanda yenyewe mpaka pipani, ya baridi yanashuka kuchukua zamu. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna moshi. Mimi niliyesoma nusu ya diploma ya umeme niliizunguka hita ile nikitafuta mahali pa kuchomeka waya, nikapakosa.

Halafu akaweka sheria. Hamjengei mtu hita. Anayeitaka anakuja na friji lake bovu na kioo chake, anajenga kwa mikono yake, Koki amesimama pembeni anafoka. Ndivyo alivyopata yake msusi wa pale kona, na yule mwenye bafu la kulipia, na watu wa mtaa wa pili ambao hata hatuwajui. Kila mmoja anaweza kuifungua yake na kuziba inapovuja. Kila mmoja pia ameshawafundisha wengine, na Koki akisikia hivyo anatembea kifua mbele siku nzima.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Muuguzi wa zahanati yetu. Akina mama waliojifungua pale walikuwa wanaogea maji yaliyochemshwa nje kwenye jiko la mkaa. Mvua ikinyesha jiko linaingizwa kwenye veranda, na mtoto anaanza maisha kwa kukohoa. Muuguzi alikusanya mafriji mabovu nyuma ya jengo mpaka wagonjwa wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama zahanati imeletewa mochwari.

Hapo ndipo Mfuko ulipojitokeza. Serikali ilikuwa imetenga pesa za kuwasaidia wabunifu wa nishati safi, na redio ikawa inaimba asubuhi na jioni. Nilimwombea mimi. Nusu ya diploma haitoshi kupata kazi, lakini kwa kujaza maombi inatosha na kubaki. Koki alitaka kitu kimoja tu: karakana yenye paa. Miaka yote amefundisha watu uani kwake, jua la utosi au matope ya magoti, na magoti yenyewe sasa yakipanda ngazi yanasikika kabla yake.

Tukaambiwa wakaguzi wanakuja kuiona hita.

Sasa, mume wa Koki ni fundi rangi, tunamwita Brashi. Mtu mpole, mwenye mapenzi ya kweli, na ndiye aliyekaribia kutuzika. Siku moja kabla ya wageni, Koki akiwa kazini, alifungua kioo cha hita akifute. Akaona weusi ule wote ndani. Roho ya fundi ikamuuma. Akachukua rangi ya maziwa, ile ya kung'aa aliyokuwa akipakia sebule ya tajiri mmoja, akapaka bati, akapaka vibomba, akarudisha kioo, akaenda kuoga.

Wageni wakafika: Mwenyekiti wa Mfuko, mzee wa miwani na sauti ya taratibu, na Afisa, dada mmoja aliyevaa shati jeupe kama karatasi. Mchana ulikuwa umeshachangamka. Koki akafungua bomba kwa madaha. Afisa akaweka mkono. Maji vuguvugu, kama salamu ya wakwe waliokosana.

Koki akachungulia kioo. Nilimwona akivuta pumzi.

"Brashi!"

"Naam, mama."

"Umefanya nini humu?"

"Nimepamba. Wageni hawa wakute mama wa watu ameweka masizi?"

"Weusi ndio unaokula jua, Brashi! Umenipakia sebule ndani ya hita!"

Mwingine angeomba radhi na kusingizia mawingu. Koki akang'oa kioo mbele yao, akatoa kopo la rangi nyeusi, akamtazama Afisa.

"Shika brashi hiyo. Anza na vibomba."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapa aliyekuja kukagua?"

Afisa akapaka. Mwenyekiti akapewa kioo akishike, akasimama nacho kifuani kama picha ya marehemu. Rangi ikakauka, boksi likafungwa, tukanywa chai, tukangoja. Alasiri Mwenyekiti akapeleka kidole chini ya bomba na kutamka neno ambalo sidhani liliingia kwenye ripoti. Afisa akacheka mpaka akajifuta machozi na kujipaka weusi shavuni.

Wakatupitisha. Siku ile Brashi alitembea mtaani akieleza kwamba ushindi ulitokana na rangi.

Tulipoitwa ofisini kwa Mfuko kuusoma mkataba, kiyoyozi kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Nishati safi ile inatumika kututetemesha. Afisa akatusomea vifungu kwa lugha ya kueleweka, mpaka akafika kimoja akapunguza sauti. Kilisema kwamba kuanzia siku ya saini, Koki hataionyesha hita, hataifundisha, wala hatamruhusu mtu kuijenga, mpaka Mfuko utakapomaliza kusajili haki ya umiliki. Akaeleza kwamba majirani waliokwisha kuijenga wanavumilika, ila ikionyeshwa hadharani haisajiliki tena.

"Na ya zahanati?" Koki akauliza.

"Itasubiri, mama."

"Mpaka lini?"

"Usajili una hatua zake. Siwezi kukudanganya, huwa unachukua muda mrefu."

"Sawa. Basi niandikie barua niwapelekee wajawazito, nao wasubiri."

Mwenyekiti akaweka miwani mezani. "Mama, sisi tunakulinda wewe. Kesho mwenye kiwanda ataiona, ataiiga, atauza, wewe hutapata kitu."

"Aiige. Akiiuza si watu wataoga?"

"Na wewe?"

"Mimi nimeomba paa, sijaomba siri. Pesa hizi za nani?"

"Za umma."

"Basi umma umeshalipa. Mnauficha umma kitu ulichokinunua wenyewe?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alisema mkataba ni mmoja kwa wabunifu wote, hana mamlaka ya kugusa hata mkato. Akampa muda afikirie mpaka Siku ya Maonyesho, ambapo waliochaguliwa watasaini hadharani.

Nyumbani Brashi hakula. "Saini, mke wangu," alisema. "Hayo magoti yako nayasikia mimi ukigeuka kitandani. Karakana ukiipata utafundisha mtaa mzima baadaye."

"Baadaye ya nani?"

Muuguzi akaja jioni ile, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyekuja kukopa. "Dada, usikose bahati kwa ajili yetu. Saini tu. Sisi moshi tumeuzoea."

Nilidhani maneno hayo yangempoza. Koki alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Msiuzoee! Nani amewaambia muuzoee? Mkishazoea ninyi, huyo mtoto aliyezaliwa leo atamlalamikia nani?" Akamgeukia Brashi. "Na wewe tafuta gari la kubeba mizigo. Siku ya Maonyesho tunaenda na mafriji."

Maonyesho yalifanyika kwenye uwanja wa ofisi kubwa, chini ya mahema. Kila kifaa kilizungushiwa kamba nyekundu na kibao: USIGUSE. Kulikuwa na pikipiki ya umeme iliyokataa kuwaka, mwenyewe akieleza kwamba leo imepumzishwa kwa usalama. Kulikuwa na jiko lililofungiwa kwenye kabati la kioo kana kwamba litatoroka. Hita ya Koki nayo ilikuwa imetengewa kamba yake.

Koki akaifungua ile kamba, akaipima kwa kuivuta, akasema ni imara. Akaitumia kufungia pipa. Halafu gari likarudi nyuma mpaka kwenye hema, mafriji ya zahanati yakashushwa, na shangazi yangu akavuta ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara.

"Anayetaka maji ya moto bila mkaa asogee! Wewe wa tai, shika bisibisi. Mama wa kilemba, njoo usuuze bomba. Muuguzi, hii ni yako, piga msumari wa kwanza!"

Watu walikuwa wamechoka kutazama vitu kupitia kamba. Walivamia. Simu zikainuliwa, zikarekodi kila hatua, huku Koki akieleza na kutukana kwa kipimo kilekile. Mlinzi akaja kutimua watu, akapewa kioo. Akabaki nacho mikononi, anaogopa kukiangusha, anatimua kwa macho tu.

Afisa akaja mbio, viatu mkononi. "Mama Koki, acha! Unajiharibia! Ikishaonyeshwa hadharani namna hii haisajiliki tena!"

"Ulinieleza ofisini, mwanangu, na ulieleza vizuri sana," Koki akasema, mdomoni ana misumari. "Ndiyo maana nimeileta hapa."

Afisa akavaa viatu vyake taratibu. Sikujua kama analia au anazuia kicheko, na nadhani hata yeye hakujua.

Mwenyekiti akaomba utulivu kwenye kipaza sauti. Akasema kwa masikitiko kwamba Mfuko hauwezi kusaini na mbunifu ambaye hana tena kitu cha kumilikiwa. Mkataba haukuandikwa kwa hali kama hiyo.

"Andikeni mwingine," Koki akapaza sauti kutoka katikati ya watu.

"Hatuna mwingine, mama."

"Mnajiita Mfuko wa Ubunifu, na kubuni karatasi moja kunawashinda?"

Uwanja ukalipuka. Hata mlinzi alicheka, kwa uangalifu, kwa sababu ya kioo.

Pesa hatukupata. Alipewa yule wa pikipiki, na sisemi neno, labda siku moja itawaka. Hita tuliipakia garini ikiwa imekamilika, ikapanda juu ya paa la zahanati, na jiko la veranda Muuguzi amepanda maua ndani yake. Video zimesambaa. Watu wanaijenga hita ile mahali ambapo Koki hajawahi kufika, wengine vibaya sana, na yeye anaketi na simu yangu anawafokea kwenye skrini kana kwamba wanamsikia. Mwenye kiwanda mmoja ameiiga kweli, kama tulivyoonywa. Anaiuza ghali, na wanunuzi wake wakipata tatizo wanakuja uani kwetu.

Uani kwetu bado hakuna paa. Brashi ametandaza turubai. Mvua ikizidi, darasa linahamia jikoni.

Juzi Mfuko umetangaza maombi mapya. Nilimshauri Koki tulainishe maneno safari hii, tuseme yupo tayari kwa mazungumzo, tuwapunguzie makali. Alikuwa amelala chali chini ya sinki la jirani, miguu tu inaonekana.

"Usibadilishe hata nukta," miguu ikasema. "Wakinikataa, wanikatae nikiwa hivi hivi. Na pale kwenye ukubwa wa karakana, ongeza. Watu wamekuwa wengi."