Onja Kabla Hujauliza Habari

Siku yangu ya kwanza niliisikia kazi kabla ya kuiona. Nilisukuma mlango wa chumba cha maziwa, moshi ukanipiga usoni, macho yakajaa machozi, na ndani ya wingu lile nikasikia chwa, chwa, chwa, kitu kizito kikitikiswa ndani ya kitu chenye tumbo. Nikasimama palepale nikikohoa.

"Ingia au toka," mtu akasema. "Ukisimama mlangoni, moshi wangu unakwenda barabarani bure."

Alikuwa Mwenye Hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu karibu na soko la mifugo la Garissa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda na mtungi wa mbao mapajani, akiutikisa polepole kama anayebembeleza mtoto mkaidi. Mitungi mingine ilikuwa imefunikizwa juu ya vijinga vya moto. Hivyo ndivyo chombo cha maziwa kinavyosafishwa kwetu. Kinasuguliwa, kinakaushwa, kisha kinafukizwa kwa kuni maalumu mpaka ukuta wake wa ndani unywe moshi. Maziwa yakimiminwa humo hayaharibiki haraka, na yanatoka na harufu ambayo mtu aliyekulia kwenye kambi ya wafugaji huitambua akiwa bado nje ya mlango.

Nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kuhudumia meza. Mwenye Hoteli aliniwekea gilasi tatu.

"Kunywa, uniambie."

"Ni maziwa ya ngamia."

"Hilo hata mbuzi angeniambia. Rudia."

Nikarudia. Nikasema ya kwanza yana chumvi, ya pili yana moshi mwingi, na ya tatu yanachoma ulimi pembeni. Akanitazama.

"Nani amekulea?"

"Ayeeyo. Bibi yangu, mzaa mama."

"Alikuwa na ngamia?"

"Alikuwa nao."

"Alikulea vizuri. Anza leo."

Kazi hiyo haikuwa na jina wakati ule. Ilizaliwa kwa sababu ya afisa mmoja wa serikali kutoka Nairobi, mtu mchangamfu, aliyekaa mezani jioni moja na kusema kwamba kwenye migahawa anayokula yeye mhudumu humchagulia divai, gilasi moja kwa kila sahani, nyekundu kwa nyama na nyeupe kwa samaki. "Nyinyi hapa mtanichagulia nini?" akauliza akicheka. Mwenye Hoteli hakucheka. Akaenda chumba cha maziwa, akarudi na gilasi ya susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyoachwa yakachacha, akaiweka kando ya nyama yenye mafuta ya nundu. Afisa akanywa, akala, akanywa tena. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake watano. Nilipoajiriwa mimi, meza zilikuwa zimeshazoea, na mzee wetu, Mwenye Hoteli, alitaka mtu wa kufanya hivyo kila jioni baada ya Magharibi. Baadaye tuliitwa waonjaji.

Mnaoingia kazi hii sasa mna orodha iliyochapishwa. Sisi tuliibeba kichwani. Nyama ya mafuta inataka susa, kwa sababu uchachu hukata mafuta na kuuacha mdomo ukiwa tayari kwa tonge la pili. Wali uliowekewa ndizi mbivu, kama tunavyoula hapa, unataka maziwa ya ngamia waliolishwa vichaka vya chumvi, maana chumvi ile na utamu wa ndizi hutafutana. Tambi zenye pilipili nyingi zinataka maziwa mabichi ya asubuhi, mepesi, yaliyopozwa kwa kitambaa chenye maji bila barafu. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ni chumvi tupu, na ukiiwekea maziwa ya chumvi mgeni ataomba maji usiku kucha. Hiyo iwekee chai ya iliki. Jaza gilasi nusu. Anza na maziwa mepesi, umalizie na mazito. Mgeni wa bara asiyeyazoea mpe nusu ya nusu kwanza, umtazame usoni, halafu ndipo uamue.

Sehemu ngumu ya kazi ilikuwa kupokea. Kila asubuhi wanawake walishuka kwenye magari na mitungi na jerikeni zao, kutoka Bura na kwingineko, na mwonjaji ndiye aliyeamua yapi yanaingia. Hapo Mwenye Hoteli alikuwa na sheria moja, na wengi waliiona ni ukosefu wa adabu.

"Salamu itikia," aliniambia. "Ni wajibu mbele ya Mungu. Lakini habari zisubiri. Onja kabla hujauliza habari."

Mnajua salamu za watu wetu. Tukishaitikiana tunaulizana mvua, malisho, ngamia, watoto, mgonjwa, njia. Mtu akifika mwisho wa habari zake unamjua shida zake zote. "Na ukishazijua," mzee alisema, "huonji tena maziwa. Unaonja shida zake." Kwa hiyo mwanamke aliingia, akasema asalaam aleikum, nikaitikia, nikazamisha kikombe changu, nikaonja, nikatema kwenye beseni la mchanga, nikasema yanaingia au hayaingii. Ndipo nikamshika mkono na kumuuliza nyumbani hawajambo. Wengine walinichukia kwa hilo. Mmoja aliniita jiwe lenye ulimi.

Mzee alipokufa, watoto wake walinipeleka Masalani kwenye tawi dogo karibu na mto, na huko nikakaa miaka minne. Maziwa ya Masalani mengi ni ya ng'ombe, na wateja wetu walikula samaki wa Tana. Nilijiona kama mtu aliyehamishiwa shule ya lugha nyingine. Maziwa ya ng'ombe ni matamu na mazito, na ukiyaweka kando ya samaki wa kukaanga yanagombana mdomoni. Nilijifunza kuyagandisha, kuyapigapiga na kuyaongezea ndimu kidogo, na wavushaji wa mashua wakaanza kuja kwa ajili ya gilasi hiyo.

Nikarudishwa Garissa, kwenye mgahawa mpya wenye bustani na taa. Mkubwa wangu huko alikuwa Meneja, kijana kwangu kwa umri, aliyesomea kazi ya hoteli na kuvaa shati jeupe hata siku za vumbi. Alileta kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa yakitiwa maji, kinazama zaidi.

"Sasa utapumzisha ulimi, Sahra," akaniambia.

Nikamwonyesha. Nikatia maji kwenye maziwa, kipimo kikazama. Nikaongeza maziwa ya unga vijiko vichache, kipimo kikapanda mpaka pale kinapotakiwa. Akakitazama kwa muda.

"Na wewe unajuaje?"

"Unga una utamu uliopikwa. Unaacha kama chaki chini ya ulimi. Na povu lake linakufa haraka."

Tangu siku hiyo kipimo kilikaa kabatini, na Meneja akaniongezea msaidizi, Fatuma, mama wa watoto wawili mwenye ulimi mkali kuliko wangu wa ujanani. Nilimfundisha yote niliyofundishwa, na sheria ile ya mzee ikiwa ya kwanza.

Kisha mvua zikakosekana misimu miwili. Dada yangu mdogo, Hawa, aliyeolewa Bura, alikuwa akituletea jerikeni mbili kila asubuhi. Mgahawa ulipokea kwa wenye jerikeni mbili tu, na ukileta moja, nafasi yako anapewa mwingine. Watoto wake watano walikula kwa jerikeni hizo.

Asubuhi moja aliingia akiwa amekonda shingo. Nikaitikia salamu yake, na kabla sijazamisha kikombe nikauliza, "Nyumbani vipi, abaayo, dada yangu?" Lilinitoka tu. Akaniambia. Ngamia watatu wamekufa, wa nne hasimami, mtoto wa mwisho ana homa. Nikasikiliza yote, nikimshika mkono. Ndipo nikaonja. Chini ya ulimi wangu palikuwa na chaki.

Nikasema, "Yanaingia."

Nikasema hivyo wiki tatu.

Jioni moja akaja mzee mfugaji kutoka Banissa, aliyekuja mjini kuuza ngamia. Aliagiza wali na ndizi, na mimi nikamchagulia gilasi. Fatuma akaipeleka. Mzee akanywa funda moja, akaiweka chini, akafunika mdomo wa gilasi kwa kiganja chake. Mtu mzima kwetu hatukani maziwa. Kiganja kile kinatosha kusema hayafai.

"Kuna shida, mzee wangu?" Meneja akamuuliza.

"Habana, kijana. Shida hakuna. Niletee maji tu."

Bustani nzima iliona. Meneja akamwita Fatuma jikoni.

"Gilasi ile umeitoa wapi?"

"Nimepewa nipeleke."

"Wewe unaonja au unabeba sinia? Kesho usije."

Fatuma hakunitazama. Nadhani alijua siku zote, naye pia alikuwa na ulimi. Ningenyamaza, asingesema.

"Meneja," nikasema, "niliyapokea mimi."

"Ulimi wako umeharibika?"

"Ulimi ni mzima. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Ni ya dada yangu."

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Kikombe mpe Fatuma. Kaa mwezi mmoja umkabidhi kazi, halafu ustaafu kwa heshima. Watu nitawaambia ni umri."

"Waambie kweli."

"Nikiwaambia kweli, dada yako atafungiwa kila mlango wa mji huu. Unataka hivyo?"

Sikutaka. Kwa hiyo vijana mkisikia kwamba Sahra alistaafu kwa uzee, leo mmesikia ilivyokuwa. Nashukuru kwa miaka yangu. Niliwalisha watu wengi jioni njema, na wapo waliokuja Garissa wakiogopa maziwa ya ngamia wakaondoka wakiyaulizia. Mkiniuliza kuhusu kosa langu, nawaambia kwamba nilidhani namsaidia mtu. Sikumuuliza kama huo ndio msaada alioutaka. Hilo nililijua asubuhi iliyofuata.

Asubuhi hiyo Fatuma alikaa kwenye kigoda na mimi kwenye benchi la ukutani. Hawa akaingia na jerikeni zake mbili, akatoa salamu, tukaitikia wote wawili. Akaanza, "Abaayo, yule mtoto leo ame..." Fatuma akazamisha kikombe, akaonja, akatema.

"Hayaingii, eeddo," akasema, akimwita shangazi kwa heshima.

Hawa akanigeukia. "Mwambie."

"Fatuma ameshaonja," nikasema.

"Wiki tatu umeonja wewe ukayapokea. Maziwa ndiyo yamebadilika au wewe?"

"Mimi nilikosea. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nilitarajia anitukane. Akasema kwa sauti ndogo, "Siku ya kwanza mama muuza chai pale Bura aliyataka maziwa yangu, hata kidogo, hata jerikeni moja isiyotiwa kitu. Nikamkatalia, nikasema dada yangu ananitegemea. Sasa mama yule ana mtu mwingine." Akafunga vifuniko vya jerikeni, kimoja, halafu cha pili, akivikaza kwa nguvu. "Ungeniambia siku ile, Sahra."

Niliinuka nimpokee jerikeni moja.

"Acha."

Akazinyanyua zote mbili, akausukuma mlango kwa bega akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.