Zamu ya Maji ya Kaka Yangu

Kaka yangu ana migomba Mboghoni. Mimi naishi Voi. Kule kwake maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na ukiiacha yako unasubiri wiki ijayo. Siku kifua kilipombana, jembe mkononi na jasho baridi likimtoka, aliketi kwenye tuta akapumua, kisha akaendelea kuelekeza maji mpaka mstari wa mwisho. Hospitali alifika kesho yake.

Dawa zilimtuliza, lakini hata kutembea hadi barabarani kulimwacha akihema. Daktari wa moyo alitaka kujua jambo moja: ile sehemu ya msuli iliyokosa damu ilikuwa imelala tu, au imekufa? Kama ilikuwa hai, mshipa ungezibuliwa. Tukapanda treni kwenda Nairobi kupimwa.

"Tangu jana nimenyimwa chai," alilalamika njiani. "Moyo gani huu unaoogopa majani ya chai?"

Nilimweleza nilivyojisomea. Chai huipunguzia nguvu dawa ya kupanua mishipa, ambayo angepewa kwanza. Halafu angedungwa dawa nyingine, yenye mionzi kidogo, inayosafiri na damu. Msuli ulio hai huinyonya, na kamera huiona. Palipokufa hubaki peusi.

"Kumbe ni mfereji," akasema. "Si ungesema hivyo tangu Voi?"

Huko Nairobi, kamera ilimzunguka kifuani polepole. Baadaye daktari alitugeuzia kompyuta. Moyo ulionekana kama pete ya rangi ya chungwa, imekatika upande mmoja. Kabla hatujaelezwa lolote, kaka aliweka kidole kwenye lile pengo.

"Hapa maji hayakufika."

"Yalichelewa, mzee," daktari alisema kwa upole. "Hata tukizibua sasa, sehemu hii haitarudi. Tutaisaidia iliyobaki kwa vidonge. Jembe uliache."

Tuliporudi Mboghoni, mama wa shamba la chini alikuja kumjulia hali. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Lakini shemeji, siku ile si nilikuwa hapo chini napalilia? Ungeniita tu. Ningekumalizia mstari wako, wewe ukaenda hospitali."

"Ungekubali?" kaka akauliza.

"Heh! Kwani maji ni ya kuzikwa nayo?"

Kaka alikuwa anaitazama migomba yake, yote mibichi, mpaka ile ya mstari wa mwisho.