Petroli Chini ya Uwanja wa Mbao

Kagwiria alikuwa mpima maji. Kwa miaka kumi na mmoja alizunguka mitaa ya Meru mjini na sanduku la chupa, akateka maji ya bomba hapa na ya kisima pale, akayapeleka maabara ya idara ya maji na kuandika matokeo. Kwao ni Githongo, nyumbani kwa wakulima wa kahawa, na shuleni alikuwa na kichwa chepesi cha hesabu. Chuo kikuu hakufika. Alisomea diploma ya maabara, akapata kazi, akaishika.

Lakini hesabu hazikumtoka. Siku moja alisikia kuna programu ya bure ya kompyuta inayokokotoa jinsi maji na mafuta yanavyosafiri ndani ya udongo. Akaiweka kwenye laptopu yake nzee, na kwa miaka miwili kila Jumamosi, akishamaliza kufua, alikaa mezani jikoni akijifundisha. Alipokwama alimwandikia mhadhiri mmoja wa Nairobi ambaye hawakuwahi kuonana. Wenzake kazini walimuuliza mchezo huo una faida gani. Alicheka tu.

Basi mwezi wa pili, jua likiwa kali, Regina alivuta ndoo ya maji kutoka kisimani mwake nyuma ya soko la Gakoromone. Regina ana hoteli ndogo ya chai na githeri. Alipoinamia ndoo, harufu ya petroli ilimpiga puani. Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi rangi. Kufikia jioni majirani wawili nao walikuwa wanalia vilevile.

Watu hawakufikiri mara mbili. Mita mia mbili kupanda barabara kuna kituo cha mafuta cha Aweys, mfanyabiashara aliyetoka Maua akakifungua miaka minne iliyopita. Petroli iko juu, visima viko chini, nani mwingine? Asubuhi iliyofuata umati ulisimama mbele ya pampu zake ukitaka kituo kifungwe.

"Matangi yangu ni mapya, njooni mpime!" Aweys alisema, jasho likimtiririka. Hakuna aliyetaka kumsikiliza.

Riungu, mkuu wa idara, alimwita Kagwiria ofisini. "Madam, nikifunga kile kituo kesho na visima viendelee kunuka, nitawaambia nini hawa watu?"

"Nipe wiki mbili, Injinia," Kagwiria akajibu. Miaka miwili ya Jumamosi, na sasa kitu cha kweli!

Alianza na futi kamba. Alipima kina cha maji katika visima tisa vya mtaa ule, akachora ramani. Mambo mawili yalimshangaza. Kwanza, barabara inateremka upande mmoja lakini maji chini ya ardhi yalikuwa yanaelekea upande mwingine kabisa, kwa kufuata tabaka la mwamba lililoinamia upande huo. Pili, kisima cha shule ya chekechea, kilicho katikati ya kituo cha Aweys na kwa Regina, kilikuwa safi kama maji ya mvua.

Akaingia kwenye kompyuta. Aliugawa udongo wa mtaa mzima kuwa visanduku elfu arobaini vidogo, na kila kisanduku akakipa sifa zake: changarawe hapa, udongo wa mfinyanzi pale. Ndani ya kila kisanduku hewa, maji na petroli vinagombania vitundu vilevile. Petroli ni nyepesi, hivyo inaelea juu ya maji. Mvua ikinyesha, maji yanapanda na kuifungia petroli ndani ya udongo. Kiangazi kikija maji yanashuka, na petroli inaachiliwa na kuchuruzika visimani. Ndiyo maana harufu iliibuka mwezi wa pili!

Mara ya kwanza hesabu zilivurugika. Kompyuta ilimwambia kisanduku kimoja kina petroli asilimia mia tatu. Kagwiria akacheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa ameilazimisha iruke siku nzima kwa hatua moja, na mvua za masika haziendi hivyo. Akapunguza hatua ziwe dakika kumi kumi, akaiegemeza laptopu juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi ili ipate hewa, akaiacha ikokotoe.

Alimwaga petroli ya kuwaziwa kwenye kituo cha Aweys kwanza. Kwa miaka minne ya kompyuta haikumfikia Regina hata tone, ilielekea machakani. Akahamisha chanzo. Akahamisha tena. Mara ya kumi na nne alikiweka kaskazini, chini ya uwanja wa mbao wa Kobia, akaipa miaka thelathini badala ya minne. Utepe mwekundu wa petroli ukatambaa kwenye kioo, ukakizunguka kisima cha chekechea bila kukigusa, ukaingia katika visima vitatu vinavyonuka. Vitatu vilevile! Kagwiria aliruka juu, kiti kikaanguka.

Kobia, mwenye uwanja, aliwaka alipoambiwa. "Mimi hapa nauza mbao. Sijawahi kuweka hata jerikani ya petroli!"

"Nakuamini, mzee," Kagwiria akasema. "Lakini kabla yako, palikuwa na nini?"

Kobia akajikuna kidevu. "Nilinunua kwa watu wa mabasi. Walikuwa na gereji yao hapa, na petroli walijijazia wenyewe. Walishakufa wote."

Siku ya kuchimba, mtaa mzima ulijaa kwenye uwanja wa Kobia. Munene, mchimba visima, alisimamisha mtambo wake mahali Kagwiria alipopigilia kigingi. Riungu alikunja mikono. Aweys alisimama nyuma kabisa, karibu na lango. Mita moja, udongo mwekundu. Mita mbili, udongo mwekundu. Mtu akaguna, mwingine akacheka.

Ghafla mtambo ukalia kama mtu anayegonga sufuria.

"Chuma!" Munene akapaza sauti. "Madam, hapa kuna chuma!"

Walifukua kwa majembe. Lilikuwa tangi, limeliwa na kutu, chini yake udongo umegeuka mweusi na unanuka hadi machozi yakatoka. Watu wakapiga kelele kama timu yao imefunga bao. Regina alimkumbatia Kagwiria na kumwinua kutoka chini, na Kagwiria si mtu mdogo. Kisha wazee watatu waliokuwa mstari wa mbele katika ule umati wa kwanza wakamwendea Aweys langoni. Walichomwambia hakikusikika, ila alionekana akiwashika mikono mmoja mmoja, kichwa kimeinama.

Kusafisha ilikuwa kazi nyingine. Munene alitaka kufunga pampu kubwa na kuvuta maji yote upesi. Kagwiria akaijaribu kwanza kwenye kompyuta, kisha akamgeuzia kioo.

"Tazama. Ukivuta kwa nguvu, maji yanashuka na petroli inayafuata. Inapaka udongo wa chini ambao sasa ni safi."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuvute hewa. Polepole."

Walizamisha mabomba saba yenye matundu, mahali visanduku vilipoelekeza, wakafunga mashine ya kufyonza. Hewa ilitoka na mvuke wa petroli, ikapita kwenye mapipa ya mkaa maalumu, ikaachiliwa ikiwa safi. Kila mwezi Kagwiria alipima na kulinganisha na makadirio yake. Mwezi wa tano yalipishana, kwani bomba moja lilikuwa limezibwa na tope; walipolizibua, namba zikarudi mstarini.

Baada ya miezi kumi na tisa Riungu mwenyewe alikwenda kwa Regina na karatasi ya maabara, akaisoma kwa sauti. Petroli: hakuna. Regina hakungoja amalize. Alivuta ndoo, akabandika sufuria, na wote waliokuwepo wakanywa chai ya maji yale.

Siku hizi Kagwiria hapimi klorini ya maji ya bomba tena. Ana meza yake idarani na kompyuta mpya, na wiki iliyopita alipigiwa simu kutoka Embu. Visima karibu na duka moja kubwa la udobi, linalofua suti kwa dawa badala ya maji, vimechafuka. Alipofika huko na Munene na kusoma jina la dawa ya kufulia kwenye pipa, alimgeukia macho yakimetameta.

"Hii si kama petroli. Hii ni nzito kuliko maji. Inazama!"

"Na hiyo ni habari njema?" Munene akauliza.

Lakini Kagwiria alikuwa ameshafungua futi kamba na kuelekea kisima cha kwanza, karibu anakimbia.