Nilitoa calendar ya stock kwa simu ya mama mkwe nikaweka ya custom ROM, simu ikanyamaza

Wakuu, natumai mko salama huko mliko.

Mimi humu huwa msomaji tu. Naingia, nachukua file za ROM, nasema asante kimoyomoyo na kutoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu hii kitu imenikalia kifuani.

Siongezi chumvi. Mwenye atataka kunicheka acheke, lakini amalize kusoma kwanza.

Mimi ni fundi wa friji hapa Migori, Mkuria wa Kegonga. Bibi yangu ni Mjaluo wa Sindo, mwalimu, na shule yenye walimpeleka iko mbali, anarudi weekend tu. Kazi yangu nayo ni ya kuzunguka na pikipiki, leo Rongo, kesho Rodi Kopany. Kwa hivyo msichana wetu Hawi, bado mdogo wa nursery, hukaa na nyanya yake huko Sindo, kando ya ziwa.

Hawi ana sickle cell.

Wenye wako na mtoto wa hivyo wanajua maisha yake. Wenye hawajui niwaambie tu kwamba unaishi ukisikiliza. Mtoto akikohoa unasikiliza. Akinyamaza unasikiliza zaidi. Baridi ikimpata, malaria ikimpata, maji yakipungua mwilini, damu inakwama kwa mifupa na analia kilio chenye hutaki kukisikia mara ya pili.

Dawa ndizo zinamshikilia. Kuna ya kuzuia malaria, kuna ya kuzuia infection, na kuna kapsuli, ambayo siku zingine ni moja na siku zingine ni mbili. Ndio maana alarm ya kawaida haikutosha, tulihitaji calendar.

Sasa hapo ndipo simu inaingia.

Mama mkwe alikuwa na simu ya kitambo, na calendar yake ya stock, ile simu ilikuja nayo kutoka kampuni, ilikuwa kiboko. Wakati wa dawa ukifika, screen yote inajaa rangi na kengele inalia mpaka mtu aizime kwa mkono. Kijani ni kapsuli moja, nyekundu ni mbili. Huyo mama anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, nje kwa nyavu karibu siku nzima, na simu ikiwa ndani mezani alikuwa anaisikia vizuri.

Halafu tulikuwa na sheria. Kuna weekend bibi yangu alimpa mtoto dawa, na nyanya bila kujua akampa tena. Nikasema, kuanzia leo ni hivi: simu ikilia, mpe. Isipolia, usimpe. Mwenye amezima kengele ndiye amepeana.

Sheria nzuri kabisa. Ni mimi niliitunga, na nilijisikia mjanja.

Kitu kingine mjue, na wakuu wa pwani mtanivumilia. Kwetu na kwao, mkwe ni mkwe. Mimi silali kwa nyumba ya mama mkwe. Siingii chumba chake. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini. Na yeye naye hawezi kukwambia uso kwa uso kwamba kitu umemletea ni kibaya. Akikukosoa ni kama amekuvua nguo mbele ya watu. Kila kitu ni "asante, iko sawa".

Basi ile simu ikaanza ku-hang. Storage imejaa, app za kampuni zenye hakuna mtu aliziomba zimekula kila kitu. Bibi akaniletea niitengeneze.

Mnajua ugonjwa wetu humu. Mtu wa kawaida angefuta picha kadhaa tu. Mimi nikafungua bootloader, kufuli la simu, nikafuta mfumo wa kampuni na kumwaga custom ROM, mfumo wa mafundi huru, safi, nyepesi, hakuna takataka. Calendar ya stock ikaenda na maji. Nikaweka ile ninayoipenda mimi, ya open source, kidogo kabisa, haina matangazo. Nikarudisha reminder zote za Hawi na rangi zake. Nikajaribu hapo kwa meza yangu, ikalia. Ting.

Simu ikawa inakimbia kama mpya. Bibi akairudisha Sindo na mama akatuma salamu kwamba nimefanya kazi nzuri, Mungu anibariki.

Nilitembea na hiyo sifa karibu wiki mbili.

Asubuhi moja nikiwa Rodi Kopany, nimemaliza friji ya mama mmoja wa maziwa, napigiwa na mwenye butchery huko Rongo. Anauliza nyama yake ikiharibika nitakula mimi? Nilikuwa nimeahidi kuwa kwake saa hiyo. Nikaangalia simu yangu. Reminder haikulia. Nikafungua calendar, na hapo hapo reminder zote za siku tatu zikamwagika pamoja, ting ting ting.

Nikasimama tu na spana mkononi.

Kwa sababu simu yangu iko na ROM ile ile na calendar ile ile.

Wakuu, hapo ndipo nilielewa. Hiyo ROM ina kitu cha kuokoa betri. App yenye hujaigusa kwa siku kadhaa, inailaza. Mimi kwa meza yangu nilikuwa naigusa kila dakika, kwa hivyo ikalia. Mama mkwe hana haja ya kufungua calendar. Yeye hungoja tu kengele.

Nikapiga simu Sindo. Akashika, sauti ya upole kama kawaida.

"Tuko salama, Baba Hawi. Habari ya kazi?"

Nikauliza mtoto ako wapi. Akasema amelala.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Hawi saa hiyo huwa anafukuza kuku. Nikauliza simu iko aje. Akasema iko sawa, asante. Nikakaza moyo nikauliza kama mtoto amekunywa dawa.

Akasema, "Tunangoja tu simu ilie, vile ulisema."

Sikumbuki nilikata simu vipi. Mama wa maziwa alikuwa ananiita nichukue pesa yangu na nilimwacha ameshika mkononi. Bibi nilimpigia nikiwa juu ya pikipiki, akawa darasani, hakushika. Nikashukuru hakushika, kwa sababu ningemwambia nini?

Nilipita Homa Bay bila kujua nimepitaje. Barabara ya kwenda Mbita naijua vizuri lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Nilikuwa naongea peke yangu ndani ya helmet. Nilikuwa nasema, amelala tu, watoto hulala. Halafu nasema, mjinga wewe, ulitoa kengele kwa nyumba ya mgonjwa ukaweka ting. Nilimwomba Mungu kwa Kikuria, nikarudia kwa Kiswahili nisije nikawa sijasikika.

Kufika, mama mkwe ametoka nje na ameniwekea kiti kivulini, mbali kidogo na mlango, vile mkwe huwekewa. Ananipungia nikae. Ameshika kikombe cha maji.

Na kutoka ndani nasikia mtoto wangu. Halii. Anaguna, polepole, kila akivuta pumzi.

Nikauliza ako wapi. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwa kitanda yangu."

Sasa hebu fikirieni. Mlango wa chumba una pazia tu. Mimi mtu mzima, mtoto anaguna hatua chache, na nimekwama nje kama nguzo kwa sababu ya pazia. Hiyo ndiyo hofu sijawahi kuielewa, ya kuogopa kuingia na kuogopa kutoingia.

Mama akaona. Hakuniambia ingia, hawezi kusema hivyo. Aliweka kikombe chini, akajifunika kichwa na leso, akageuka akaangalia upande wa ziwa na kunipa mgongo. Yaani mimi nipite, na yeye hajaona chochote.

Nikapita.

Hawi alikuwa moto kama sufuria. Macho yamegeuka njano, mikono imevimba, na nilipomgusa mguu akaniangalia tu. Mtoto wangu huyo hajawahi kunyamaza nikimgusa.

Nikambeba nje. Gari hakuna, probox zote zimekwenda soko. Iko tu pikipiki yangu. Nikatupa chini mtungi wa gesi na sanduku la vifaa. Lakini mtoto wa hali hiyo hawezi kukaa mbele, lazima mtu ambebe nyuma.

Na mtu mwenye ako ni mmoja tu.

Tukaangaliana, kwa mara ya kwanza naona macho ya huyo mama vizuri. Akafunga Hawi na leso kifuani, akapanda. Mkwe na mama mkwe, pikipiki moja, kifua mgongoni, katikati ya Sindo, watu wa nyavu wamesimama wanatazama. Mwanzo alishika chuma cha nyuma. Barabara ilipoanza kuruka akashika koti langu kwa mikono miwili, na hakuachilia.

Njiani alianza kuongea. Nadhani ni kwa sababu hakuwa anaona uso wangu. Alisema simu ilianza kulia kidogo kidogo, halafu ikaacha. Akasema moyoni, labda daktari amepunguza dawa na Baba Hawi amerekebisha huko kwa simu. Alitaka kuuliza. Akaona nitadhani anadharau kazi yangu.

Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto.

Hospitali walimpokea haraka. Ilikuwa malaria, na malaria ikaleta crisis, ile damu kukwama kwa mifupa. Maji kwa mshipa, dawa ya maumivu, damu. Daktari akauliza dawa za kila siku alikunywa mwisho lini. Mama akaangalia chini. Nikasema ni mimi niliharibu simu. Daktari hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza ROM ni nini.

Kuna masaa hapo siwezi kuyaandika. Bibi alifika jioni akiwa bado na chaki kwa mikono.

Hawi alipona, wakuu. Siku ya tatu aliomba samaki na akagombana na nurse. Niliposikia anagombana nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Sasa upande wa simu, kwa wenye watauliza. Nilipewa APK, yaani file ya kuinstall, ya ile calendar ya stock na jamaa mwenye simu kama ile. Kuinstall ikakataa, kwa sababu inategemea vitu vya kampuni vyenye havimo kwa custom ROM. Kichwa ngumu, nikaisukuma kwa system kwa nguvu, simu ikaingia bootloop. Nilikaa kwa benchi ya wodi naangalia logo inazunguka na mtoto amelala pale na drip, nikajiuliza nimerogwa na nani.

Nikarudisha stock firmware yote, ule mfumo wa kwanza wa kampuni, na takataka zake zote. Ku-hang ihang.

Ningeweza pia kubaki na ROM na kuitoa calendar kwa ile orodha ya app za kulazwa, najua mtaniambia. Kwangu naweza kufanya hivyo. Kwa simu yenye mtoto anaitegemea, hapana. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi niliacha mbachao wa mtu mwingine, hata sikumuuliza alikuwa anaulalia vipi.

Siku ya kutoka hospitali niliweka reminder ya majaribio nikamkabidhi mama mkwe simu. Sote watatu tukasimama tunangoja, Hawi mgongoni mwa mamake. Screen ikajaa kijani, ikalia.

Mama akasikiliza. Nikajua atasema asante, iko sawa.

Akasema, "Iko chini. Ongeza."

Nikaongeza.

"Bado."

Nikaongeza mpaka mwisho, wagonjwa wakageuka, na nurse akatufokea. Mama mkwe wangu hakuangalia chini. Akaniambia mbele ya bibi yangu, "Na siku ingine usiguse simu yangu kabla uniulize."

Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Somo langu ni hilo. Ukimtengenezea mtu simu, usimuulize kama iko sawa, hasa kama ni mtu mwenye heshima inamfunga mdomo. Enda ukae hapo, usikie ikilia kwa masikio yako.

Naomba kusikia kutoka kwenu. Kuna mwenye amefaulu kuweka calendar ya stock kwa custom ROM bila kuzama? Na wenye wako na mtoto wa sickle cell, mnakumbushana dawa aje? Mimi nitasoma kila jibu. Kwa sasa kila jioni napiga simu Sindo, na mama mkwe akisema "tuko salama", namwambia anipe Hawi niongee naye mwenyewe.